Sekstanti yangu inasoma dakika 0.1, mbona mstari unaangukia maili tano pembeni?

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Niko Mtwara, ni baharia wa meli za mwambao na sasa najiandaa na mtihani wa uofisa wa sitaha. Nimenunua sekstanti ya chuma iliyotumika, ngoma yake inasoma hadi dakika 0.1. Asubuhi nasimama kando ya maji upande wa mjini, macho yakiwa kama mita 2 juu ya maji, nalishusha jua mpaka maji yanapogusa ufukwe wa Msangamkuu ng'ambo. Nikilinganisha na GPS, mstari wangu unaangukia maili nne hadi tano mashariki, kila siku. Nikiwa kwenye boti nje ya bandari nakosea maili mbili tatu, mara huku mara kule. Nina miaka 43 na navaa miwani ya −2 ya kuonea mbali. Mwenzangu ananiambia jicho la binadamu haliwezi kuona chini ya dakika moja, kwa hiyo hiyo 0.1 wameiandika kwa ajili ya kuuzia. Je, tatizo ni macho yangu? Ninunue darubini ya mara 7, au niachane na chombo hiki?"

Jibu:

Marahaba. Kwa msomaji mgeni: sekstanti hupima mwinuko, yaani pembe kati ya jua au nyota na upeo wa bahari. Ngoma ni gurudumu la kusomea dakika za pembe (dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi), na mwinuko pamoja na saa hukupa mstari wa kuchora kwenye chati, ambao uko mahali fulani juu yake. Sasa, usiuze sekstanti, na darubini usinunue bado. Umeeleza makosa mawili ambayo hayana undugu. Ufukweni unakosea sana, lakini siku zote upande uleule. Kwenye boti unakosea kidogo zaidi, lakini kila upande. Jicho lisiloona vizuri hutawanya vipimo: leo juu, kesho chini. Haliwezi kukupeleka mashariki kila asubuhi kama limeagizwa. Kwa hiyo kosa la ufukweni tuliondoe kwanza, maana macho yako hayahusiki nalo kabisa.

Jedwali la mshuko wa upeo, yaani pembe ambayo upeo uko chini ya usawa wa macho yako na ambayo unaitoa kwenye mwinuko uliosoma, linachukulia kwamba unatazama upeo wa bahari wazi, pale ambapo mviringo wa dunia unayaficha maji. Kwa macho yaliyo mita 2 juu ya maji, upeo huo uko kama maili 2.9 za bahari, karibu kilomita 5.4, na mshuko wake ni dakika 2.5. Unaupata kwa kuchukua kipeuo cha pili cha kimo cha macho kwa mita na kukizidisha kwa 1.76. Wewe hutazami upeo huo. Unatazama ukingo wa maji wa Msangamkuu, ulio karibu zaidi, na mstari wa macho yako ukielekea pale unashuka kwa mteremko mkali zaidi.

Hesabu ya ufukwe wa karibu ina vipande viwili. Zidisha umbali, kwa maili za bahari, mara 0.42. Kisha chukua kimo cha macho kwa mita, zidisha mara 1.86, gawanya kwa umbali huohuo. Jumlisha. Kwa makosa uliyoyataja nakisia ng'ambo unayoitazama iko kama nusu maili, yaani mita 926. Basi 0.2 jumlisha 7.4 ni dakika 7.6, na wewe umetoa 2.5 tu. Dakika 5.1 zimebaki ndani ya mwinuko wako, jua limehesabiwa liko juu kuliko lilivyo, na kila dakika moja ya pembe ni maili moja ya bahari, mita 1852. Mwinuko ukizidi, mstari husogea kuelekea jua. Asubuhi jua liko mashariki. Maili zako tano ndizo hizo.

Unaweza kupima umbali kwenye chati na kutumia hesabu hiyo, lakini sikushauri uizoee. Kwa nusu maili, ukikosea kimo cha macho kwa sentimita 10 tu, umeongeza dakika 0.4. Wakati wa bamvua maji ya Mtwara hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukingo wa maji wa ng'ambo nao unasogea mbele na nyuma juu ya mchanga, na hakuna anayejua kimo chake kwa sentimita. Nenda upande wa nje wa rasi ya Msangamkuu, unaotazama bahari kuu. Hata huko, kimo cha macho kihesabiwe kutoka usawa wa maji wa saa ileile: ukisimama mahali palepale maji yakatoka, ukawa mita 5 juu badala ya 2, mshuko umehama kutoka 2.5 hadi 3.9.

Angalia pia jua litakuwa upande gani. Mtwara iko nyuzi 10 na dakika 16 kusini ya ikweta. Kuanzia kama tarehe 20 Oktoba hadi kama 22 Februari, jua la adhuhuri linapita kusini mwetu, na kusini ya ufukwe wetu mwingi ni nchi kavu. Miezi mingine linapita kaskazini, upande wa bahari. Tarehe hizo mbili zenyewe linapita utosini, na kipimo cha adhuhuri kinakuwa kigumu kwa sababu jua linahama kutoka mashariki hadi magharibi ndani ya dakika chache na hujui ulishushe upande upi. Mwanafunzi aendelee na vipimo vya asubuhi na alasiri siku hizo.

Sasa hiyo dakika moja. Mwenzako hakukosea, ila amepata nusu ya habari. Dakika moja ni kikomo cha kutenganisha: vitu viwili vikikaribiana kiasi gani jicho huviona kimoja. Ubao wa herufi wa kliniki ya macho umejengwa juu ya kipimo hicho, na kwenye mstari wa 6/6 unene wa kila mchirizi wa herufi ni dakika 1 kwa mtu aliye mita 6. Kikomo kina sababu mbili. Kwanza, mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na kwa mboni iliyofunguka milimita 3 nukta ya mwanga nyuma ya jicho haiwezi kukaza zaidi ya kama dakika 0.8. Pili, chembe za kupokea mwanga zilizo katikati ya retina, ziitwazo koni, zimepangwa kwa nafasi ya karibu nusu dakika. Ili mistari miwili ionekane miwili, lazima koni moja ibaki gizani katikati ya mbili zenye mwanga. Hakuna zoezi wala karoti ya kubadilisha hilo.

Lakini sekstanti haikuulizi kama vitu ni viwili au kimoja. Inakuuliza kama ukingo huu umelingana na ule. Kwa kazi hiyo jicho ni bora mara nyingi zaidi. Doa la mwanga huangukia koni kadhaa kwa pamoja, kila koni ikipata kiasi chake, na ubongo hulinganisha viasi hivyo na kukadiria katikati ya doa kwa udogo usiofikia nafasi kati ya koni na koni. Mtu mwenye macho mazima hugundua mistari miwili iliyopishana kwa sekunde 5 hadi 10 za pembe, yaani kama dakika 0.1 hadi 0.2, bila darubini yoyote. Fundi mashua anayefumba jicho moja, akaangalia ubao kwa urefu wake na kusema "hapa umepinda", anatumia uwezo huohuo. Vania ya ngoma yako (mistari midogo ya pembeni inayosomesha sehemu za kumi za dakika) nayo huisomi kwa kutenganisha mistari, unaisoma kwa kuona upi umelingana.

Jaribu nyumbani. Chukua karatasi nyeupe, chora mistari miwili myeusi iliyosimama, kila mmoja unene wa milimita 3, ikiachana kwa milimita 1. Kwenye karatasi nyingine chora mistari ya unene uleule, mmoja juu ya mwingine, wa chini ukisogezwa kando kwa milimita 1. Bandika ukutani kwenye mwanga mzuri, rudi nyuma mita 10, vaa miwani yako. Milimita 1 kwa umbali huo ni theluthi ya dakika. Jozi ya kwanza itaonekana mstari mmoja mnene. Ya pili utaona imevunjika katikati. Usipouona mvunjiko huo hata kwa miwani, hapo ndipo tutaanza kuyashuku macho, na nitalirudia hili chini.

Darubini inaongezea nini? Ya mara 4, ambayo nadhani ndiyo uliyonayo, inaikuza dakika 0.1 ikaonekana 0.4, na hiyo jicho zima linaimudu likiwa linalinganisha. Ya mara 7 inakuza zaidi, lakini inakuza na mtikisiko wa mikono na boti, na uwanja wake ni mwembamba kiasi kwamba jua linatoroka nje ya kioo kila wimbi likipita. Kwenye meli kubwa iliyotulia, au ukiwa nchi kavu, ina faida. Kwenye boti ya mwambao wakati wa kusi utaichukia. Faida nyingine ya ile ya 4×40 (mara 4, kioo cha mbele milimita 40) ni kwamba mwanga unatoka kwenye kioo cha nyuma ukiwa na upana wa milimita 10, mkubwa kuliko mboni, kwa hiyo jicho likiyumba kidogo bado linaona. Baki nayo.

Hata hivyo, kulinganisha jua na upeo si sawa na mistari ya karatasi. Ukingo wa jua ni duara linalogusa mstari kwa nukta moja, na kitu king'avu sana huonekana kimevimba, kikimeza ukingo wa giza ulio jirani. Ukiacha vioo vyeusi vichache mno, jua litavimba na utalidhani limegusa maji kabla halijagusa. Ongeza vioo mpaka duara liwe na ukingo mkali na lisikuume macho. Upeo nao ukimetameta chini ya jua, upe kioo chake. Kisha usimalizie mguso kwa kuzungusha ngoma. Asubuhi jua linapanda, hivyo lizamishe kidogo chini ya mstari wa maji, acha ngoma, endelea kubembeza chombo (kukiyumbisha, kama nitakavyoeleza chini), na linapojitoa hadi kugusa tu, sema "sasa!" na mwenzako aandike saa. Alasiri acha upenyo mdogo, jua lishuke lenyewe hadi liguse. Mikono ikiwa haifanyi kazi, jicho hufanya yake vizuri zaidi.

Hiyo inatuleta kwenye boti na maili zako mbili tatu za huku na kule. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kubembeza. Sekstanti ikilala upande kidogo, mwinuko unasomeka mkubwa kuliko ulivyo, na kosa hukua kwa mraba wa mlalo. Jua likiwa nyuzi 45, mlalo wa nyuzi 2 tu unakupa dakika 2.1 zaidi. Likiwa nyuzi 60, mlalo uleule unatoa 3.6. Hakuna mtu anayehisi nyuzi 2 mkononi akiwa amesimama kwenye boti. Ndiyo maana chombo kinayumbishwa kama bembea huku na huku, nyuzi kadhaa kila upande, jua likichora upinde, na mguso unachukuliwa pale chini kabisa mwa upinde. Wengi huyumbisha mara moja, wakatosheka, kisha wakatumia sekunde kumi kurekebisha ngoma bila kuyumbisha tena.

Wa pili ni wimbi. Upeo unaouona kutoka boti ndogo ni migongo ya mawimbi, si bahari tambarare. Pima ukiwa juu ya wimbi, ambapo upeo uko mbali na umenyooka. Ukipima ukiwa bondeni, unachokiona ni mgongo wa wimbi la jirani. Kosa la nusu mita kwenye kimo cha macho, kwa mita 2, ni dakika 0.3. Kwa meli yenye daraja la mita 9, ambako mshuko ni 5.3, nusu mita hiyohiyo haifiki hata dakika 0.2.

Wa tatu ni saa. Jua la asubuhi katika latitudo yetu linaweza kupanda karibu dakika 15 za pembe kwa kila dakika moja ya saa, yaani robo ya dakika ya pembe kwa sekunde. Anayeandika saa akichelewa sekunde 4, umepoteza maili nzima. Tumia saa ya GPS, si saa ya simu iliyowekwa kwa mkono.

Sasa utajuaje kipi ni cha jicho na kipi ni cha bahari? Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji upeo, mawimbi wala kimo cha macho, na kwa maoni yangu ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Lipime jua lenyewe. Weka vioo vyeusi kwenye njia zote mbili kabla hujainua chombo, weka mkono wa sekstanti (ule unaotembea juu ya tao lenye nyuzi) karibu na sifuri, tazama jua moja kwa moja kupitia sekstanti. Utaona majua mawili, moja la moja kwa moja na moja la kwenye kioo. Yaguse ukingo kwa ukingo, lile la kioo likiwa chini, soma. Kisha lipeleke juu, yagusane upande wa pili, soma nje ya sifuri. Tuseme mwezi Julai umepata dakika 33.4 upande wa tao (juu ya sifuri) na 29.8 nje ya tao (chini ya sifuri). Tofauti ni 3.6, nusu yake, 1.8, ndiyo kosa la sifuri (kiasi ambacho chombo kinasoma pale kilipopaswa kusoma sifuri), na kwa kuwa liko upande wa tao utalitoa kwenye kila mwinuko. Jumla ni 63.2, gawanya kwa 4 upate 15.8, ambayo lazima ilingane na nusu kipenyo cha jua kwenye almanaki ya mabaharia (kitabu cha nafasi za jua na nyota) kwa siku ile. Julai ni karibu 15.8, Januari 16.3.

Rudia mara kumi. Jumla hiyo inakueleza uhodari wa jicho lako na chombo pekee, bahari ikiwa imewekwa kando. Zote kumi zikitofautiana kwa dakika 0.2 hadi 0.4, jicho lako ni zima na maili mbili tatu za boti zinatoka kwenye mlalo, wimbi na saa. Zikiruka kwa dakika nzima au zaidi, tatizo liko kwenye jicho, fokasi ya darubini au meno ya chombo. Jumla zikikubaliana zenyewe kwa zenyewe lakini zikawa zote kubwa kuliko almanaki, jua lako limevimba: ongeza kioo cheusi.

Kwa upande wa chombo, kumbuka kwamba kioo cha mkono huzunguka nusu ya pembe unayoisoma. Dakika 0.1 kwenye ngoma ni mzunguko wa sekunde 3 za pembe tu. Kwenye tao la nusu kipenyo cha milimita 162, ambalo ni la kawaida kwa sekstanti kubwa, hiyo ni milimita 0.0024. Chembe moja ya chumvi kati ya skrubu na meno ya tao inatosha kuharibu kila kitu. Safisha meno kwa brashi laini, paka mafuta mepesi ya mashine, futa yanayobaki. Malizia kuzungusha ngoma kwa mwelekeo mmoja siku zote, maana meno yaliyotumika yana ulegevu. Upime pia: soma kosa la sifuri ukimalizia kulia, kisha ukimalizia kushoto. Tofauti ndiyo ulegevu. Kosa la sifuri likiwa chini ya dakika 2 au 3, usiguse skrubu za kioo. Kulitoa kwa hesabu hakuna gharama, kukaza na kulegeza kila wiki kunalegeza skrubu.

Na ile 0.1 ya kwenye ngoma? Si uongo, ila ni ahadi ya usomaji, si ahadi ya usahihi. Ndani ya kifuniko cha sanduku huwa kuna cheti chenye makosa ya chombo kwa kila nyuzi 15 hivi hadi 120. Kama cheti hakipo, au chombo kiliwahi kuanguka, tao linaweza kuwa limehama kitovu, na hilo halirekebishwi kwa skrubu yoyote. Ukishaanza kupata makosa ya upande mmoja yanayokua kadiri mwinuko unavyokua, ilhali upeo, kosa la sifuri na saa ni safi, mpelekee chombo fundi wa vifaa vya urambazaji au wakufunzi wa chuo cha bahari Dar es Salaam wakilinganishe na kingine. Hiyo haiwezi kufanyiwa kazi kwa barua.

Tuje kwenye miaka 43 na miwani ya −2. Kutoona mbali ni ulemavu usio na uzito wowote kwa sekstanti, kwa sababu fokasi ya darubini inaufidia wote. Vua miwani, elekeza darubini kwenye nyota, zungusha fokasi mpaka iwe nukta, weka alama ndogo kwenye pete ili usitafute tena gizani. Kisichofidiwa ni jicho ambalo mpindo wake hauko sawa pande zote. Alama yake ni hii: fokasi haikupi nukta hata ufanyeje, inakupa mchirizi, na ukiinamisha kichwa mchirizi unainama nawe. Hapo baki na miwani usoni, na angalia kwamba kioo cha nyuma cha darubini hakikukwaruzi. Umri wako unaanza kugusa jambo lingine, kusoma vania kwa karibu. Kwa wenye −2 hili ni rahisi: wakivua miwani husoma vizuri kwa umbali wa nusu mita hivi. Ukiona unalisogeza tao mbali na uso ili usome, kioo cha kukuzia mfukoni kinamaliza neno. Kosa la kusoma 34 badala ya 24 lina madhara kuliko dakika 0.1 zote za dunia.

Jioni jicho ni jingine. Nyota hupimwa jua likiwa kati ya nyuzi 6 na 12 chini ya upeo, na kwetu jua linazama karibu wima, kwa hiyo una kama dakika 25 tu. Mwanga ukipungua koni zinashindwa, mboni inafunguka na kasoro za jicho zinajitokeza, upeo unageuka ukungu. Panga nyota mapema, anza na za mashariki ambako upeo hufifia kwanza, soma ngoma kwa taa nyekundu hafifu. Taa nyeupe ya simu inakuibia uwezo wa giza, na dakika 20 hadi 30 za kuurudisha huna.

Kuhusu vipimo vingi: ukichukua vinne mfululizo na kupata wastani, mtawanyiko unapungua hadi nusu, tisa, hadi theluthi. Ila wastani hauondoi kosa la upande mmoja. Ungeweza kupima mara mia ukitazama ukingo wa Msangamkuu na kupata maili tano zilezile, sasa kwa uhakika mkubwa. Njia ninayoipenda kuliko wastani ni kuchora vipimo vitano sita kwenye karatasi ya miraba, saa chini na mwinuko pembeni. Vitajipanga karibu kwenye mstari mnyoofu, na kile kilichoruka kitajionyesha ukitupe.

Unaweza kufanya mazoezi bila upeo kabisa. Weka sinia lenye oili chafu ya injini, mahali pasipo upepo, au likingwe kwa vioo viwili vya dirisha vilivyosimamishwa kama paa. Zebaki usiiguse, mvuke wake ni sumu. Lishushe jua la kioo mpaka lifunike lile la ndani ya oili, soma, toa kosa la sifuri, kisha gawanya kwa 2. Hakuna mshuko wa kutoa, na makosa ya jicho nayo yamegawanywa kwa 2. Ukifunika majua mawili sawasawa, hakuna nusu kipenyo pia. Kinachobaki ni kupinda kwa mwanga hewani, kama dakika 1 jua likiwa nyuzi 45. Kikwazo ni kwamba sekstanti inaishia karibu nyuzi 120, hivyo jua lisizidi nyuzi 60. Mtwara jua la adhuhuri hushuka chini ya hapo kati ya kama tarehe 20 Mei na kama tarehe 24 Julai tu. Miezi mingine tumia asubuhi na alasiri.

Kwa mbinu hiyo, nchi kavu, wastani wako ukikaribia dakika 0.3 umefanya vizuri sana. Kwenye meli iliyotulia, maili moja ni kazi ya kuheshimika. Kwenye boti ndogo, maili mbili tatu si aibu, na mtahini anayejua bahari hatakudai zaidi. Tena linganisha kwa haki: GPS yako iwe kwenye WGS84, mfumo wa kawaida wa GPS wa kuhesabu latitudo na longitudo. Ramani za zamani za nchi kavu za Tanzania ziko kwenye mfumo mwingine, Arc 1960, na mahali palepale panapishana kwa mita mia kadhaa, ambazo utazilaumu macho bure.

Nenda kliniki ya macho, hospitali ya Ligula kwa hapo Mtwara au Sokoine kama uko Lindi, ukiona mojawapo ya haya: jaribio la karatasi limekushinda hata kwa miwani, miwani ina zaidi ya miaka miwili, taa za usiku zina duara la ukungu kuzizunguka, jicho moja linaona tofauti na mwaka jana, au kinyama kilichoota kutoka pembe ya jicho, ambacho ni cha kawaida kwa wanaoshinda juani na upepo, kinasogea kuelekea mboni, maana huvuta uso wa jicho ukapinda. Mwambie daktari unatumia sekstanti, apime jicho unalolitumia kwenye darubini peke yake.

Na kama umewahi kulitazama jua kupitia darubini hiyo bila vioo vyeusi, hata kwa sekunde moja, kisha ukaona doa lisiloondoka katikati ya unachokitazama, au mstari mnyoofu unaoonekana una kona, nenda siku hiyohiyo. Retina haina mishipa ya maumivu, hivyo kutouma hakumaanishi hakuna jeraha. Miwani ya jua na filamu ya eksirei si mbadala wa vioo vya sekstanti, na kioo cheusi chenye ufa kibadilishe kabla ya kipimo kinachofuata.